Laptopu Iliyojiita Stoo

Wifi yake Mama Seva aliingia chumba cha mafundi bila kubisha hodi, laptopu ikiwa wazi mikononi kama sinia, akaitua mezani katikati ya vikombe vya chai, akasema neno moja: "Furahi."

Mama Seva hakuuliza afurahie nini. Ofisi nzima ilimwita hivyo kwa sababu funguo za chumba cha seva alikuwa akizivaa shingoni, na alishazoea watu kumletea mashine zao asubuhi kama wanavyopeleka zahanati watoto wenye homa. Alitazama kioo. Palikuwa na picha ya mnara wa maji, ile ambayo kila kompyuta mpya ya Mamlaka ya Maji huamka nayo, na kikapu cha taka kwenye kona. Basi. Ilikuwa kama nyumba ambayo watu wamehama.

"Hii imeoshwa," alisema Kipara, fundi mwenzake, mkate ukiwa bado mdomoni.

Kuosha lilikuwa neno lao la mle chumbani. Badala ya kukaa nusu siku na kila kompyuta ukiiwekea programu moja moja, unaitengeneza moja vizuri, unapiga nakala yake nzima na kuiweka kwenye seva. Hiyo ndiyo nakala mama. Kompyuta ikiamka ikiwa kwenye waya wa mtandao, na seva imeambiwa iioshe, seva inafuta kila kilichomo na kuimwagia nakala mama. Ukirudi kutoka chai unaikuta kama imetoka dukani. Kazi nzuri, ilimradi umeosha uliyokusudia kuiosha.

Hii hakuna aliyeikusudia. Mama Seva alijua, kwa kuwa amri zote za kuosha zilipita mkononi mwake. Na hilo hilo ndilo lililomfanya aonekane mwenye hatia kabla hajafungua mdomo.

"Ramani ilikuwa humu," wifi alisema. Alikuwa mchoraji wa ramani za mabomba, na pia dada mkubwa wa mume wa Mama Seva, na vyeo vyote viwili alivitumia kwa pamoja. "Mabomba ya mtaa mzima wa juu. Kila valvu, kila tangi, kila kona. Wachimbaji wanaanza kesho kutwa. Nimeichora tangu mvua hazijaanza."

"Kwenye seva hukuhifadhi?"

"Kwenye seva kuna rasimu ya zamani, nusu mtaa haumo. Usinihoji, wifi. Jana uliniambia nini mbele ya ndugu wote?"

Kipara akaacha kutafuna.

Jana, Jumapili, ukoo ulikutana nyumbani kwa Mama Seva kuzungumza habari ya mama mkwe, ambaye miguu haikumbeba tena na hakufaa kuendelea kuishi peke yake. Kabla chai haijamiminwa, wifi akatangaza kwamba mama atahamia hapo hapo, kwa sababu wewe, wifi yangu, una nafasi na unajua kupangilia mambo. Mama Seva hakuwa na neno na mama mkwe. Alikuwa na neno na kutangaziwa ndani ya nyumba yake kama mpangaji. Maneno yakapanda, watoto wakatolewa nje, na mwisho wa yote, amesimama na birika mkononi, alimwambia wifi yake: "Utakiona." Wajomba walisikia. Mashangazi walisikia mara mbili. Na sasa ilikuwa Jumatatu asubuhi na wifi amekiona.

"Kwa hiyo unadhani nimekufanyia makusudi."

"Sidhani, najua. Nimeshamwambia Meneja. Saa nane anatuita wote." Akageuka akaondoka, mlango akauacha wazi ili wanaopita wachungulie.

Mama Seva aliuvuta mlango kwa mguu. Alijua kinachomngoja. Meneja akisadiki kwamba alifuta kazi ya mwenzake kwa kisasi cha nyumbani, zile funguo zitavuliwa shingoni leo leo, na fundi mwenye sifa hiyo hapewi tena hata redio ya kutengeneza. Nyumbani ingekuwa mbaya zaidi. Kazi nyingine hutafutwa. Lakini kuwa yule mke aliyemkomoa dada wa mumewe ni hadithi ambayo ingesimuliwa kwenye kila harusi na kila msiba mpaka wajukuu waikariri. Alikuwa na asubuhi moja ya kujua nani aliiosha ile mashine.

Simu ikaita. Mume wake. Hakusalimia vizuri, alitaka kujua amemfanyia nini dada, maana dada amempigia analia.

"Na mimi nikilia utampigia nani?" Mama Seva alimuuliza, akakata.

Kipara alikuwa mtu mwema asiyependa kelele, na ushauri wake siku zote ulifanana. Alisema waseme umeme ulikatika. Umeme hauna wakili, hauna ndugu, na kila mtu yuko tayari kuamini ubaya wake. Mama Seva alimwambia kwamba umeme ukikatika kompyuta inazimika, haijifuti na kujipaka rangi upya, na kwamba akitaja umeme tena atampaka yeye hiyo chai kwenye upara.

Kwanza alijaribu kuvifufua vilivyofutwa. Alijua jibu, lakini mtu hawezi kumwambia mwenzake ramani imekufa bila kuigusa. Nakala mama ilikuwa imekaa juu ya kila kitu, kama sakafu mpya ya saruji juu ya ya zamani. Hakuna kilichopatikana.

Akaizima mashine, akaiwasha tena, mara hii akiwa hana haraka. Ukurasa wa kuingilia ukafunguka, na chini, kwa herufi ndogo ambazo hakuna mtu huzisoma, lilikuwapo jina la kompyuta. Kila moja ilikuwa na lake. Hii siku zote iliitwa MICHORO. Sasa ilijiita STOO.

"Njoo usome," alimwambia Kipara.

"Stoo ni ya mzee."

Ndiyo, ilikuwa ya mzee mtunza stoo, aliyestaafu wiki iliyopita. Alirudisha laptopu yake, na Mama Seva akaiambia seva: kompyuta ya STOO ikiamka, ioshe, imngojee atakayerithi kiti. Kisha akaifungia kabatini, kwa kuwa mrithi mwenyewe alikuwa bado hajapatikana. Sasa akafungua kabati. Laptopu ya mzee ilikuwa pale pale, vumbi la stoo kwenye bawaba zake. Akaiwasha. Picha za mzee, barua za mzee, karata alizokuwa akicheza mzee saa za kazi, vyote vilikuwamo. Iliyotakiwa kuoshwa ilikuwa chafu, na isiyotakiwa ilikuwa safi.

Kwa hiyo seva ilidhani laptopu ya wifi ndiyo ya mzee. Kwa nini ilidhani hivyo? Hapo ndipo Mama Seva alipoanza kukasirika vizuri, kwa sababu seva haidhani. Seva inafanya ilichoambiwa. Na wa kuiambia alikuwa mmoja.

Akataka kuunganisha laptopu ya akiba kwenye waya aone itapokelewaje. Hizi laptopu mpya zilikuwa nyembamba kama kitabu cha shule, Meneja alizichagua mwenyewe kwa sababu zilipendeza mezani kwa wageni, na wembamba huo ulizinyima tundu la waya wa mtandao. Ili uziunganishe ulihitaji adapta, kipande kidogo cheusi kinachochomekwa ubavuni, waya ukaingia kwake. Ofisi nzima ilikuwa na adapta moja. Mama Seva alishaomba nyingine mpaka midomo ikamkauka.

"Adapta iko wapi?"

Kipara alijikuna mahali ambapo zamani palikuwa na nywele.

"Nakuuliza."

"Nilimwazima wifi yako. Ijumaa jioni. Alilalamika mtandao wa hewani haumfikii kule nyuma, nikaona nimpe achomeke waya. Alisema ameshakuambia mara nyingi."

Alikuwa amemwambia, kweli. Kulikuwa na utani wa zamani pale ofisini kwamba jengo lina wifi mbili, moja darini na nyingine chumba cha michoro, na zote mbili zinakukatikia unapozihitaji. Wifi alipokuja kulalamika, Mama Seva alimjibu kwamba tatizo ni ukuta na yeye si mwashi. Alimjibu hivyo kila mara, na kila mara watu walicheka.

Alikwenda chumba cha michoro mwenyewe. Wifi alikuwa ameinamia karatasi kubwa na penseli, anajaribu kukumbuka mtaa kwa kichwa, na hakuinua macho. Wenzake waliinua kwa niaba yake. Adapta ilikuwa inaning'inia kwenye ncha ya waya mrefu uliotambazwa kutoka ukumbini, pembeni ya meza. Mama Seva akaichomoa na kutoka haraka, kwa sababu maneno yote aliyokuwa nayo yalikuwa ya kupigana.

Katikati ya ukumbi miguu ilisimama yenyewe.

Seva haioni sura ya kompyuta. Inaitambua kwa namba iliyochorwa ndani ya kifaa kinachoshika waya. Na hizi laptopu nyembamba, zote, kifaa chao cha kushika waya kilikuwa hiki hiki alichokifumbata. Ni kama mlinzi wa getini anayetambua watu kwa koti, na ofisi nzima ina koti moja la kuazimana. Wa mwisho kuandikishwa na koti hili alikuwa mtunza stoo. Tangu hapo, yeyote angeingia amelivaa, mlinzi angesema shikamoo mzee wa stoo. Na mlinzi alikuwa ameagizwa: mzee wa stoo akitokea, mvue nguo, mwogeshe.

Wifi alilivaa koti Ijumaa jioni, laptopu ikiwa tayari imewaka. Leo asubuhi akaiwasha upya.

Mama Seva alirudi chumbani, akafuta kwanza ile amri ya kuosha, kisha akaichomeka adapta kwenye laptopu ya akiba, mashine ambayo haijawahi kufika stoo hata kupita mlangoni. Akaiwasha. Seva ikaikaribisha kwa jina: STOO.

Kipara alipiga kofi la furaha. "Umepona, Mama Seva! Ni adapta."

Mama Seva alikuwa ameshafungua orodha ya vifaa ya seva. Kwenye seva kulikuwa na mahali pa kuandika: namba hii ni ya adapta ya kuazimana, usimtambue mtu kwa hiyo. Alipajua. Adapta ya kwanza aliiandika pale siku ile ile ilipofika. Kisha mguu wa kiti ukaiponda, Meneja akaleta hii ya pili, na siku hiyo chumba kilikuwa kimejaa laptopu mpya mpaka chini ya meza, na Meneja anachungulia kila saa kuuliza bado, bado, bado. Akaichomeka ikafanya kazi. Akasema ataiandika kesho.

Alipiga meza kwa kiganja, kikombe kikaruka kikavunjika. Alimkasirikia Meneja kwa laptopu zake za kupendezea wageni. Alimkasirikia Kipara kwa ukarimu wake. Alimkasirikia wifi kwa kuweka kazi ya msimu mzima kwenye mashine moja kama mtu anayeficha vitu chini ya godoro. Aliwakasirikia kwa zamu, mmoja mmoja, na kila alipomaliza mmoja alijikuta amebaki yeye.

"Hakuna haja ya kujitesa," Kipara alisema, akiokota vigae. "Sema adapta ni mbovu. Si uongo sana. Jengo hili lote, nani ataelewa zaidi ya hapo?"

Mama Seva alilifikiria kweli. Adapta mbovu lilikuwa neno zuri, fupi, Meneja angelipenda. Lakini alimjua wifi yake. Mwanamke yule alinusa uongo kama maziwa yaliyolala, na akinusa kwamba jambo limefunikwa, angefunua la Jumapili na kuliweka mahali pake. Ili aamini kwamba hapakuwa na chuki, ilibidi apewe yote, pamoja na ile kesho.

Saa nane walikaa mbele ya Meneja, wifi upande mmoja, mafundi wawili upande mwingine. Mama Seva alikuja na laptopu mbili na adapta, akawaonyesha. Akaichomeka kwenye ya kwanza, ikaitwa STOO. Akaichomeka kwenye ya pili, ikaitwa STOO. Akaeleza habari ya koti na mlinzi, kwa sauti ya mtu anayetema mbegu. Meneja alipoanza kuitikia kwa kichwa, ameridhika, na kusema kumbe ni kifaa tu, alimkatisha.

"Si kifaa. Kifaa hiki kilitakiwa kuandikwa kwenye seva siku kilipofika. Kazi hiyo ni yangu. Nilijua, nikasema kesho, sikufanya. Na wewe ulikuwa mlangoni unanihimiza, lakini mkono ni wangu."

Meneja alitazama laptopu zake nyembamba kana kwamba ndizo zilizomsema.

Wifi alisogeza kiti. "Jana ulisema nitakiona."

"Nilisema."

"Ulimaanisha nini?"

"Nilimaanisha nimekasirika. Sikiliza, wifi. Siku nikitaka kukuumiza, siwezi kujificha nyuma ya kompyuta. Nina mdomo."

"Hilo naliamini," wifi alisema. "Mdomo unao." Kipara alicheka, akajifanya anakohoa. Wifi hakucheka. "Na mtandao nilikuambia."

"Uliniambia."

"Mara ngapi?"

"Nyingi."

"Kila nikihifadhi kwenye seva, naweza kwenda sokoni nikarudi, bado inazunguka tu. Ndiyo maana nikaweka humo humo. Ningekuwa na mtandao kule nyuma, ramani ingekuwa kwenye seva, na hiyo adapta yenu nisingeiomba." Alisema bila kupandisha sauti, na ilikuwa afadhali angepandisha. "Tangu asubuhi nimekuwa na hasira na mtu aliyekaa akapanga kunikomoa. Kumbe hakuna aliyepanga kitu. Hukunichukia, wifi. Ulizembea tu."

Hapo ndipo palipomchoma. Aliingia mle ndani kutafuta neno hilo hilo, kwamba hakufanya makusudi, na alipopewa liliingia kama sindano. Mtu akikuchukia, angalau amekufikiria. Na kuhusu yeye, watu walisema mengi: mkali, mkavu, hana dogo. Mzembe hawakuwahi kumwita.

Meneja akasema funguo zinabaki, wachimbaji ataongea nao wasogeze siku, na jambo hili lisirudiwe. Mama Seva akamjibu kwamba hakuna kompyuta itakayooshwa kwenye jengo hili, iwe ya kwake au ya nani, mpaka amalize kazi aliyotakiwa kuimaliza zamani, na kama ana haraka achukue ndoo na sabuni aanze mwenyewe. Hakungoja ruhusa ya kutoka.

Kuiandika ile namba kwenye seva kulichukua muda mfupi kuliko kupiga chafya. Hilo nalo lilimtia hasira upya.

Kisha akachukua ngazi, tindo, nyundo, bunda la waya na kifaa cha kurusha mtandao wa hewani, akaenda chumba cha michoro. Hakuomba nafasi. Alipanda, akatoboa ukuta ule aliosema yeye si mwashi wake, kwa mapigo ambayo yaliwatoa watu hadi ofisi za jirani waje kutazama. Vumbi lilimwingia puani na kwenye nywele. Kipara alikuja kusaidia, akatazamwa mara moja, akarudi alikotoka. Mama Seva alivuta waya kutoka ukumbini, akaushusha kando ya dirisha, akapiga misumari, akatambaa sakafuni mpaka chini ya meza ya wifi, kwenye miguu yake kabisa, kufunga soketi ya kile kifaa.

Juu yake penseli ilikuwa inakwaruza. Wifi alikuwa amepata rasimu ya zamani na kuitandaza, anaujaza nusu mtaa uliopotea, bomba kwa bomba, akisema peke yake kwa sauti ya chini: hapa kuna valvu, hapa inakata kona, hapa sijui.

"Hapa ni wapi?" Mama Seva aliuliza kutoka chini ya meza.

"Sisemi na wewe."

"Nimesikia husemi na mimi. Ni wapi?"

Penseli ilisimama. "Nyuma ya shule. Bomba linapita kushoto au kulia, nimesahau. Nililipima mwenyewe, na nimesahau."

"Nitakupeleka ukapime tena. Nikimaliza hii."

"Siendi na wewe popote leo."

"Basi kesho."

Ile kesho ilikuwa imeshatoka mdomoni. Wote wawili waliisikia.

"Leo," alisema Mama Seva, akaipiga soketi ngumi ikaingia mahali pake. "Chukua kofia yako. Twende leo."